Mayo ya Kijani

Mume wangu Nsengimana aliacha kula chakula cha mukono wa binti yetu siku ya Mungu moja, jumapili ya mwezi wa tatu. Sahani ilirudi jikoni na bugali yote na samaki zote za sambaza. Hata supu haikuguswa.

"Hauna njaa?" nikamuuliza.

"Niko nayo. Lakini mimi sitakula mukono wa Olympique."

Binti yetu Uwingabire alikuwa amesimama nyuma yangu na mwiko. Alikuwa na miaka ishirini. Alinipokonya ile sahani, akaenda kuketi mbele ya baba yake, akala yote polepole, mupaka akalamba vidole. Vita ilianza hivyo, nyumbani kwetu Mabanga.

Mimi mwenyewe sina timu ya mupira. Nilizaliwa Butembo, na baba yangu alijua mambo mawili tu: njia za malori na saa za misa. Ni baada ya kuolewa Goma ndipo nilijua kwamba mutu mukubwa, mwenye ndevu, anaweza kulia kwa sababu ya kona.

Timu ya mume wangu inaitwa AS Lave. Rangi zake ni nyeusi na nyekundu. Aliipokea kwa baba yake, Muzee Hategekimana, aliyekimbia vita Rutshuru na kuingia Goma na bulangeti kichwani. Kila alipoomba kazi mujini walimuuliza kwanza ametoka wapi, halafu mama yake anaongea lugha gani, na alipojibu, kazi ilikuwa imekwisha kupata mutu mwingine. Ni kwenye uwanja wa Lave tu ambapo hawakuuliza. Walikuwa wanatafuta watu wa kuvunja mawe ya volkano kwa kujenga ukuta. Walimupa nyundo. Jioni, walipomaliza, timu ilikuwa inacheza, na mutu mmoja akasogea akamwachia nafasi ya kusimama. Muzee alisimama pale miaka yote iliyobaki ya maisha yake. Siku alipokuwa anakufa alimushika Nsengimana mukono, akamwambia: "Shamba walichukua. Nyumba, mulima wa moto ulichoma. Hii timu hakuna mutu atakunyanganya. Uipe watoto."

Watoto tulipata mmoja. Wengine wawili niliwapoteza kabla hawajalia. Basi ile timu yote, na maneno yote ya yule muzee, vilimuangukia Uwingabire peke yake.

Alikuwa na wiki tatu baba yake alipomupeleka uwanjani, amefungwa kitambaa cheusi na chekundu, akamuandikisha kwenye daftari la wasapota. Kadi yake ya mwanachama, yenye picha ya mutoto asiyefungua hata macho, ilipigiliwa musumari ukutani, sebuleni. Alipoanza kusimama vizuri, Nsengimana alimuweka kama gardien, mulinda-lango, katikati ya mawe mawili mbele ya nyumba, kwenye parseli yetu, akaanza kumurushia viazi vilivyooza. Baadaye akamurushia mupira. Udongo wa kwetu ni mawe meusi yenye meno. Magoti ya mutoto yalikuwa hayaponi. Akilia, baba yake alikuwa anamwambia: "Gardien halii. Gardien haachi lango. Hata nyumba yako ikiungua, kwanza mupira."

Sitasema uongo, miaka ile ilikuwa mizuri. Uwingabire alipofika miaka kumi na nne aliingia timu ya wasichana ya Lave, akawa gardien wao. Siku ya mechi yeye na baba yake walikula sahani moja, wakatoka pamoja mapema kama watu wanaokwenda kwenye misa ya kwanza. Mimi nilibaki na nyumba.

Halafu komite ya Lave ikapanda majani. Waliagiza udongo mwekundu kutoka Masisi, lori baada ya lori, ili wanaume wasicheze tena juu ya changarawe. Majani yalipoota, komite ilikutana ikasema uwanja hauwezi kubeba timu mbili, na wasichana wanaharibu majani. Wakapiga kura kuivunja timu ya wasichana. Nsengimana alikuwa prezida wa wasapota, kwa hiyo alikuwa na kiti kwenye komite, pamoja na watu wengine saba. Alinyoosha mukono. Akarudi nyumbani, akala, akalala.

Uwingabire alipata habari siku ya pili kwenye geti, kwa mulinzi, akiwa na glavu mukononi. Alirudi mbio.

"Papa, na wewe ulinyoosha mukono?"

"Timu kwanza," akasema Nsengimana. "Mutu anapita, timu inabaki."

"Na mimi ni mutu wa kupita?"

"Wewe ni mutoto wangu. Utasimama na mimi kule juu, utaimba. Muzee hakucheza hata siku moja, na hakuna aliyeipenda Lave kumupita."

Alikaa mwaka na miezi bila kucheza. Kila jioni alipiga mupira kwenye ukuta wa jirani na kuudaka, akaupiga na kuudaka, mupaka jirani akaja kulalamika. Uwanjani hakurudi tena.

Katikati ya musimu uliofuata, mwanamuke mmoja alishuka kwenye moto, pikipiki ya abiria, mbele ya mulango wetu. Jina lake Cibalonza, mutu wa Bukavu, zamani alikuwa mucheza-mupira, sasa ni koshi, mwalimu wa wasichana wa Olympique Katoyi. Olympique ni timu ya upande wa magharibi, mayo zao, yaani jezi, ni za kijani. Kwa watu wa Lave, rangi ile hata kwenye sombe, majani ya muhogo, sokoni wanaiona vibaya. Nsengimana alikuwa kwenye depo yake ya mbao. Cibalonza alisema alikuja kuongea na baba. Nikamwambia baba hayuko, na akiwepo afazali yeye asiingie. Akasema: "Basi nitaongea na mama." Nikamufungulia.

Alipomaliza kumuomba binti yangu aende kudaka kwao, Uwingabire hakumutazama yeye. Alinitazama mimi.

"Enda," nikamwambia.

"Papa ataniua."

"Papa yako atapiga kelele. Kelele haiue mutu."

Basi nilimutuma mwanangu nikiwa na akili zangu zote, na kwa wiki tatu nilimufichia. Halafu picha yake, na mayo ya kijani kifuani, ilitokea kwenye telefone za wasapota wote wa Lave, na chini yake mutu ameandika: *Prezida wetu amezaa nini?* Ndiyo siku ile ya sahani.

Alipomaliza kumuona binti yake akilamba vidole, Nsengimana aliweka telefone juu ya meza.

"Huyu ni nani?"

"Ni gardien wa kwanza wa Olympique Katoyi," akasema Uwingabire.

"Nilikufundisha ili uende kuwapa wale?"

"Ulinifundisha kudaka. Lave ilisema haina kazi na mutu wa kudaka."

"Timu haiachwe! Mutu anaacha muke, anaacha dini, timu haiache! Muzee aliivunjia mawe kwa mikono yake!"

"Muzee wa watu amekufa, papa. Majani yenu yako muzima."

Nsengimana aliinuka. Nilifikiri atamupiga. Alikwenda ukutani, akang'oa ile kadi na musumari wake, akaikata vipande kwa kisu changu cha nyanya, akaviweka mbele ya binti yake.

"Chagua. Nyumba yangu ao lango lao."

"Nyumba ni ya mama pia," akasema Uwingabire, na akabaki.

Kutoka hapo hawakuongea tena. Waliongea kupitia mimi, tukiwa watatu kwenye chumba kimoja. "Mwambie mugeni wako afunge mulango." "Mwambie prezida mulango uko na kufuli, afunge mwenyewe." Nsengimana alileta rangi kutoka depo, akapaka mulango wetu nusu nyeusi, nusu nyekundu. Uwingabire alifua mayo yake akaianika kwenye kamba ya mbele, ile inayotazama barabara. Baba yake akaishusha kwa kijiti, kama mutu anayebeba nyoka aliyekufa, akaitupa juu ya mawe. Uwingabire akaiokota, akaifua, akaianika tena. Hivyo hivyo siku sita. Majirani walileta viti. Siku ya saba nilitoka na sufuria ya maji machafu, nikawamwagia wote wawili, nikawambia kama ni hivyo mimi ninarudi Butembo. Hawakuniamini, na walikuwa na haki. Njia ya Butembo siku hizi ina watu wa bunduki, hakuna mutu anayeipita kwa hasira tu.

Mwezi wa tano wakubwa wa mupira wa muji wakatoa sheria mupya: kila timu ya wanaume lazima iwe na timu ya wasichana, bila hivyo inakatwa pointi. Lave ilikuwa ya pili kwenye ligi. Ghafula majani yakapata nguvu ya kubeba wasichana.

Nsengimana alirudi jioni na Honoré, makamu wake kwenye wasapota, mutu wa sauti kubwa anayeuza telefone pale Birere. Honoré aliketi kwenye kiti kizuri bila kuambiwa.

"Mama Kahindo," akaniita kwa jina langu, "tumekuja kuchukua mutoto wetu. Wasichana tumepata, lakini gardien hatuna."

Nikamuita Uwingabire. Alisimama mulangoni na mikono kifuani.

"Dada, yamekwisha," Honoré akasema akicheka. "Nyumbani ni nyumbani. Leta karatasi ya wale tuichane."

"Mutoto wenu alikufa siku ya majani," akasema Uwingabire.

Honoré aliacha kucheka. "Utajuta. Tutacheza na hao wa kijani kwetu, na mimi nitakuwa nyuma ya lango lako."

Ndipo Nsengimana alimutazama binti yake usoni, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. "Rudi," akasema. "Ninakuomba. Ninakuomba mbele ya mutu."

Ninamujua mume wangu. Neno lile lilimutoka kama jino. Kama binti yangu angekuwa mutu mwingine, angemuhurumia pale pale. Aliona baba yake alivyojishusha. Alingoja kidogo ili sisi sote tuone.

"Ulinikataa mbele ya watu saba," akasema. "Leo unaniomba mbele ya mmoja. Hapana."

Mechi ilikuwa siku ya posho, jumamosi ya mwezi wa sita, saa tisa, kwenye uwanja wa Lave. Sikuwa nimeingia mule tangu nimeolewa. Niliingia siku ile, nikasimama kando ya ukuta, karibu na kona, mahali ninapoona lango la Olympique. Honoré alitimiza ahadi. Alikuwa nyuma ya wavu na vijana kama makumi manne, wote nyeusi na nyekundu, na katikati yao mume wangu na ngoma yake kubwa.

Matusi waliyomutukana mwanangu sitayarudia. Walimurushia maganda ya ndizi na vifuko vya maji, na vingine havikuwa maji. Ngoma ilikuwa inapiga kila neno. Nilimutazama Nsengimana nikimungoja akamate mukono wa mutu mmoja, amufunge mutu mmoja mudomo. Alipiga ngoma. Uwingabire hakugeuza kichwa hata mara moja.

Olympique waliingiza bao moja kabla ya mapumziko. Zikibaki dakika kumi, arbitri akawapa Lave penalti. Uwanja mzima ulisimama. Msichana wa Lave alipiga vizuri, chini, pembeni kabisa, na Uwingabire akaanguka kule kule, akaukamata wote, akaufunika kwa kifua, halafu akainuka akaupiga mbali.

Halafu nikasikia sauti ya Honoré.

"Damu ya wageni! Walituingilia na mabulangeti kichwani, leo wanatuuza! Mutarudi kwenu!"

Vijana wakaliokota. "Mutarudi kwenu! Mutarudi kwenu!" Walikuwa wanaliimba kwa mapigo ya ngoma, lakini ngoma yenyewe ilikuwa imenyamaza.

Katika muji wetu neno lile si neno la mupira. Watu wamekufa nalo.

Nsengimana alimugeukia Honoré. "Unamuambia nani?"

"Wewe. Wewe na baba yako. Mulifikiri tulisahau?"

Mume wangu alimupiga na kijiti cha ngoma mudomoni. Honoré akaanguka, na wale vijana wote, wale aliowafundisha nyimbo, wengine aliowanunulia mayo ya kwanza, wakamuangukia Nsengimana. Nilikimbia. Nilikuwa ninapiga kelele nikimuita Uwingabire, kwa sababu yeye alikuwa karibu nao kuliko mimi, hatua kumi, wavu tu katikati. Aligeuka. Aliona baba yake chini ya miguu ya watu. Nilimuona akimuona. Halafu mupira ukarudi upande wake, akageuza uso, akainama, akafungua mikono, akabaki kwenye lango.

Polisi wawili ndio walimutoa Nsengimana. Meno yake mawili yalibaki kwenye majani ya Lave. Mechi iliisha moja kwa sifuri.

Jioni Nsengimana alikuwa ameketi kitandani, mimi ninamukanda uso na maji ya chumvi, Uwingabire alipoingia na mufuko wake wa glavu. Alisimama mulangoni.

"Uliniona?" akauliza baba yake. Midomo ilikuwa imevimba, maneno yalitoka kwa taabu.

"Nilikuona."

"Na ulibaki."

"Mupira ulikuwa unachezwa."

Nilifikiri mmoja wao atalia. Ningetoa kila kitu mmoja wao alie.

"Usijidanganye kwamba nilimupiga Honoré kwa ajili yako," akasema Nsengimana. "Saa nzima walikutukana, nikapiga ngoma. Nilimupiga kwa ajili ya muzee."

"Najua," akasema Uwingabire. "Ndiyo maana nilibaki."

Asubuhi alipakia godoro na sanduku kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, akaenda Katoyi, kukaa na wasichana wawili wa timu. Baba yake alisikia magurudumu ya mbao yakilia juu ya mawe. Alikuwa macho. Hakutoka.

Wiki ile ile Lave ilimufukuza Nsengimana. Barua ilikuja na muhuri: amepiga kiongozi mwenzake, ameharibu jina la timu, haruhusiwi kuingia uwanjani. Nikafikiri sasa imekwisha, sasa nitapata mume. Siku ya Mungu iliyofuata alivaa nyeusi na nyekundu yake, akaenda kusimama inje ya ukuta, juu ya fungu la mawe lililobaki tangu ule ukuta ulipojengwa, ambapo mutu akinyoosha shingo anaona nusu ya uwanja. Yuko pale kila mechi. Wakiingiza bao anapiga makofi peke yake, na wale walio ndani wanamusikia. Mara moja wasapota wa Olympique walikuja depo na wimbo, kumusalimia baba wa gardien wao. Aliwafukuza na ubao wenye misumari.

Kwangu pia alikuwa na neno. Nilimwambia mwenyewe kwamba ni mimi niliyemufungulia Cibalonza mulango. Sikutaka alisikie barabarani. "Basi hata wewe," akasema. Tangu hapo anajipikia.

Mimi ninakwenda Katoyi kila wiki, siku ya ine. Uwingabire sasa anafundisha wasichana wadogo wa Olympique, wale wa miaka minane, tisa, kwenye kiwanja cha changarawe nyuma ya kanisa. Ni mwalimu mukali, na watoto wanamupenda kwa kumuogopa. Siku moja nilifika nikakuta kuna mupya kati yao, kasichana kembamba kanaitwa Bénédicte, na juu ya kichwa kofia nyeusi na nyekundu.

Uwingabire alikwenda moja kwa moja, akaivua ile kofia, akaitupa upande wa pili wa uzio.

Mutoto akaanza kulia. "Papa alinipa!"

"Mwambie papa yako achague," akasema Uwingabire. "Hapa hatuchezi na watu wa huko. Na gardien halii. Simama langoni."

Nilizunguka uzio, nikaiokota kofia, nikaipanguza vumbi, nikamurudishia Bénédicte kichwani. Uwanja mzima ulituangalia. Mwanangu alikuja akasimama mbele yangu, na sikuona mahali pa kumushika, alikuwa mugumu kila upande.

"Mama, hapa ni kwangu. Usiingie."

"Mutoto ana miaka nane."

"Mimi nilikuwa na wiki tatu," akasema. "Toka."

Nikatoka. Siku ya ine iliyofuata sikwenda, wala ile nyingine. Ya tatu nilikwenda, kwa sababu mama hana mahali pengine pa kwenda. Wasichana walikuwa wanakimbia kuzunguka kiwanja, nami nikawatazama mmoja mmoja, halafu nikamuuliza Uwingabire yule wa kofia yuko wapi.

"Baba yake alimuondoa," akasema, na akaendelea kumwaga majivu meupe kwenye mustari wa lango.